Bunduki ya kale ya kijeshi: kuiacha ilivyo au kuibadilisha?

Mwezi uliopita mfanyabiashara mmoja wa silaha aliyesajiliwa aliniletea karakanani kwangu, hapa Mji wa Kale wa Mombasa, mti wa mbele, yaani mbao inayoushika mtutu, wa bunduki ya Lee-Enfield ya jeshi la Uingereza ukiwa umezongwa gazeti. Chuma chenyewe kilibaki dukani kwake chini ya kufuli, kama inavyotakiwa, nami sikukihitaji, kwa kuwa mimi ni seremala na kazi yangu huishia pale mbao zinapokutana na chuma. Mwenye bunduki aliirithi kwa marehemu babake, naye ameshakamilisha shughuli zote za kibali. Swali lake lilikuwa moja: je, mti ule ukatwe nusu, uchongwe upya na kupakwa vanishi ili bunduki ipate sura ya kiwindaji, au uachwe na mikwaruzo yake? Alinipigia simu jioni ile. "Mzee, mimi nataka tu ipendeze," alisema. Nikamuuliza, "Ipendeze kwa nani, mwanangu?" Akacheka, nami nikamwomba siku tatu kabla sijashika msumeno. Haya ndiyo niliyomjibu, ila hapa nimeyapanua kidogo ili yamfae na mwingine aliye katika njia panda hiyo hiyo.

Kwanza inafaa tuelewane juu ya neno "asili", kwa sababu watu wengi hulitumia kana kwamba bunduki ya asili ni ile iliyobaki vile ilivyotoka kiwandani. Bunduki za namna hiyo ni chache mno. Majeshi yenyewe yalizibadilisha silaha zao bila huruma. Martini-Henry, ambayo jeshi la Uingereza liliipokea mwaka 1871, ilikuja kutiwa mtutu mpya wa risasi za kipenyo cha inchi .303 na kuitwa Martini-Enfield. Kiwanda cha Ishapore nchini India kiliongeza parafujo ya kuimarisha kwenye mti wa mbele wa Lee-Enfield zake, na katika miaka ya 1960 kikaunda bunduki za umbo hilo hilo zinazotumia risasi za milimita 7.62. Bunduki nyingi zilizopita vita viwili vya dunia zilirudishwa viwandani, zikavuliwa kila kitu, zikapakwa rangi mpya na kupigwa mhuri wa matengenezo. Kwa hiyo tukisema asili, tunakusudia hali ambayo silaha ilikuwa nayo ilipotoka mikononi mwa jeshi, pamoja na marekebisho yote ambayo jeshi liliyafanya kwa haja zake.

Anayetaka kuona tofauti hii kwa macho aende Fort Jesus. Pale kuna mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, na mzinga mwingine wa meli ya Kiingereza Pegasus. Königsberg ndiyo iliyoizamisha Pegasus bandarini Zanzibar mwezi Septemba mwaka 1914, nayo ikaangamizwa katika mikono ya mto Rufiji mwezi Julai mwaka 1915. Baada ya meli kupotea, mizinga iliopolewa, ikaundiwa magurudumu na kukokotwa bara ipigane vita vya nchi kavu. Ni mabadiliko makubwa kuliko yoyote ambayo mimi ningeweza kumfanyia mtu kwa msumeno, lakini hakuna mwenye akili atakayesema kwamba mzinga ule umeharibiwa na magurudumu, kwa maana magurudumu yenyewe ni sehemu ya habari yake. Kipimo changu ni hicho: mabadiliko yaliyofanywa na watu wa zama zile kwa shida za zama zile ni historia, na mabadiliko nitakayoyafanya mimi mwezi huu kwa sababu mtu anataka kitu kipendeze ni yangu mimi, na lawama yake ni yangu.

Hata hivyo, si haki kuwachukulia waliokata bunduki zamani kuwa ni wajinga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, maghala ya majeshi yalijaa bunduki zisizohitajika, nazo ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Huko Marekani mtu aliweza kuagiza moja kwa posta, hadi sheria ya mwaka 1968 ilipoufunga mlango huo. Mkulima au mwindaji asiye na fedha za kununua bunduki ya kiwindaji iliyoundwa kwa mkono alinunua Mauser ya Kijerumani au Lee-Enfield, akaondoa mbao za mbele na kofia ya chuma ya mdomoni inayoshika singe, akapata silaha nyepesi ya kubeba mchana kutwa. Kampuni ya Parker-Hale ya Birmingham ilifanya kazi hiyo kwa wingi na kwa ustadi. Hata bunduki moja mashuhuri ya namna hii ilishukia papa hapa Kilindini, mwezi Aprili mwaka 1909, ikiwa ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani: ilikuwa Springfield ya kijeshi ya mwaka 1903 iliyotengenezewa mti wa kiwindaji. Leo hakuna anayethubutu kusema irudishiwe mti wa kijeshi.

Sababu ya kukata, basi, ilikuwa uwindaji, na kwetu sababu hiyo imeondoka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tangu hapo, mwenye kibali cha bunduki ndefu ya namna hii atailenga shabaha uwanjani au ataifungia sandukuni, na hapana mtu wa Mombasa atakayepanda nayo vilima vya Taita kutwa nzima akihesabu kila gramu. Kwa mtu anayelala kifudifudi juu ya mkeka na kulenga karatasi, uzito ni neema, kwa sababu bunduki nzito hupiga bega kidogo na hutulia mkononi. Waingereza wenyewe walijaribu kuipunguza Lee-Enfield wakati wa vita, wakatoa mwaka 1944 ile fupi ya msituni inayojulikana kama Nambari 5, na askari wakalalamika kwamba inapiga bega vibaya na kwamba shabaha yake huhamahama. Anayesema kwamba ataikata ya kwake ili iwe nyepesi namwuliza kwanza anakwenda nayo wapi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ninalolijua vizuri zaidi, nalo ni mbao. Wengi hudhani kwamba mti wa bunduki ni kama mpini wa jembe, kazi yake ni kushikwa tu. Katika Lee-Enfield sivyo. Mti wa mbele una vituo viwili vidogo nyuma, mahali ambapo mwili wa chuma huegemea kila risasi inapotoka, na vituo hivyo vikiwa vimelegea hata kwa unene wa karatasi, bunduki hutawanya risasi. Mbele, karibu na mdomo, mbao husukuma mtutu juu kwa nguvu ndogo iliyopimwa. Katika ile ya zamani, ambayo baadaye iliitwa Nambari 1, kuna hata springi ndogo iliyofichwa ndani kwa kazi hiyo. Mtutu ni mwembamba, na ulipigiwa hesabu ya kutikisika ukiwa ndani ya vazi lake lote. Ukiukata mti nusu, unaondoa tegemeo la mbele, na mtutu unabaki kutikisika wenyewe. Baadhi ya bunduki zilizokatwa hulenga vizuri bado, kwa sababu aliyezikata alijua kuutengeneza upya mkao wa chuma ndani ya mbao. Nyingi zaidi hazijawahi kupata fundi huyo. Kwa hiyo katika suala la kulenga, bunduki iliyoachwa ilivyo, ikiwa mbao zake ni nzima na hazijapinda, huwa na heri, na hili huwashangaza wanaodhani kwamba kila kitu cha kiwindaji kina shabaha kuliko cha askari.

Mauser ya mwaka 1898 ni habari nyingine. Mwili wake ni imara, umeshikwa kwa parafujo mbili kubwa kutoka chini, na unavumilia mti mpya kuliko ndugu yake wa Kiingereza. Ndiyo maana bunduki nyingi nzuri za kiwindaji duniani zimejengwa juu ya Mauser. Mtu akinilazimisha nichague ni ipi kati ya hizi mbili inayostahimili kubadilishwa, nitasema Mauser bila kusita, hasa ile ambayo tayari imekwisha kupoteza vipande vyake.

Turudi kwenye ule mti uliokuwa ndani ya gazeti. Nilipoufungua nilikuta ufa wenye urefu wa kidole kwa nyuma, kwenye ukuta mwembamba unaokumbatia chuma. Nilijua ulivyotokea kabla sijauliza. Kitako cha Lee-Enfield ya Nambari 1 kimefungwa kwa boliti ndefu inayopita ndani yake, na ncha ya boliti hiyo ni ya mraba, imeingia katika kibati kilichochomekwa kwenye mti wa mbele. Asiyejua huanza na kitako, kwa kuwa ndicho kinachoonekana rahisi. Anaizungusha boliti, ile ncha ya mraba inageuka ndani ya kibati, na mti wa mbele unapasuka kama muwa. Utaratibu ni kuutoa mti wa mbele kwanza, kisha kitako. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, alitaka kuisafisha bunduki ile na akaanza nyuma. Ufa kama huo huzibika kwa gundi nzuri na kijiti chembamba cha mti mgumu kilichopenyezwa toka ndani, na ukishakauka hauonekani wala hauondoi kitu katika asili ya silaha, maana hata mafundi wa jeshi walizitibu nyufa kwa njia hiyo.

Nami siwezi kujitoa katika orodha ya wakosaji. Katika miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuletewa kitako cha mti wa jozi, cheusi kwa mafuta na jasho, nami nikakipiga msasa mpaka kikang'aa kama meza ya sebuleni. Nilikirudisha kwa fahari. Aliyekipokea alikigeuza mara mbili, akakaa kimya, kisha akanionyesha kwa kidole mahali palipokuwa na mihuri ya wakaguzi. Nilikuwa nimeila yote. Tangu siku hiyo mbao ya bunduki ya kale naisafisha kwa kitambaa na mafuta ya kitani, kidogo kidogo, na msasa hauingii. Ninaona jambo lile lile katika milango yetu ya kuchongwa: mtu huung'oa mlango wa nyumba ya zamani, huukata kuwa meza ya kahawa, kisha hukuambia kwamba ameuokoa.

Kuna eneo moja ambalo lazima nikiri kwamba bunduki iliyobadilishwa ina nafuu, na eneo hilo ni hewa ya bahari. Sisi tunaishi ndani ya chumvi. Mti mrefu wa kijeshi unaufunika mtutu karibu wote, juu na chini, na unyevu ukiingia katikati haukauki. Mwezi wa Mei, mvua inaposhika, nimeona mtutu unaong'aa nje ukiwa na kutu ya kahawia chini ya mbao, mahali ambapo jicho halifiki. Bunduki iliyokatwa unaifuta yote kwa kitambaa kimoja na unalala usingizi. Tena, risasi za zamani za kijeshi huacha chumvi ndani ya mtutu kutokana na fataki zake, yaani kile kidude kinachowasha baruti, na chumvi hiyo huvuta maji hewani. Nairobi huenda ukasahau hadi kesho yake, Mombasa usisahau hata usiku mmoja, bali uoshe mtutu kwa maji ya moto, uukaushe, kisha uupake mafuta. Mwenye kuchagua asili hapa pwani achague na kazi yake: mara kadhaa kwa mwaka fundi aliyesajiliwa aitoe mbao kwa utaratibu, aupake mtutu nta au grisi nyepesi upande uliofichika, na bunduki isiwekwe ndani ya mfuko wa ngozi au wa sufu, kwa sababu mifuko hiyo hunywa unyevu na kuulisha chuma. Asiyekuwa tayari kwa hayo anaweza kuiacha silaha yake katika hali ya asili na akairithisha ikiwa kutu.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Katika masoko ambako silaha hizi huuzwa kwa wingi, iliyokamilika na yenye nambari zinazolingana kwenye mwili, bolti (komeo la chuma linalofunga risasi ndani ya mtutu), mtutu na mbao hupata bei ya mara kadhaa ya iliyokatwa, na pengo hilo limekuwa likipanuka kwa sababu nzima hazizaliwi tena. Kuirudisha iliyokatwa kunahitaji mbao kamili, pete, kofia ya mdomoni na vilengeo, na mara nyingi gharama yake huzidi thamani ya kile unachokipata. Mtutu uliofupishwa, au mwili uliotobolewa kwa keekee ili kufunga darubini, haurudi kabisa.

Sheria ni nzito zaidi kuliko fedha. Cheti cha umiliki nchini Kenya kinaitambulisha silaha fulani, yenye aina yake, kipenyo chake na nambari yake, na kufanya biashara ya kukarabati silaha ni kazi ya aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Anayefupisha mtutu au kubadili kipenyo bila kwenda kwanza kwenye Bodi ya Leseni za Silaha amejiundia kitu ambacho hakimo katika karatasi zake. Bunduki iliyoachwa ilivyo haina shida hiyo. Kwa magobore ya kale, yale ya kushindiliwa baruti kwa mdomo ambayo bado hutokea katika masanduku ya familia za pwani, kuna jambo la ziada: Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kila kitu cha kuhamishika kilichoundwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Mwenye gobore la namna hiyo aende akawaone watu wa makavazi na wa leseni kabla hajaniona mimi, tena asilete hata mafuta ya kupaka.

Usalama nao unaegemea upande mmoja. Miili ya chuma ya zamani iliundwa kwa msukumo wa risasi za wakati wake. Mauser za mwaka 1893 na 1895 zilizobadilishwa ili zitumie risasi za kisasa zenye nguvu zaidi zimewatia hofu mafundi kwa miaka mingi, na Springfield za 1903 zenye nambari chini ya 800,000 zinajulikana kwa chuma kilichochomwa kupita kiasi hadi kikawa kama kigae. Bolti iliyotolewa katika bunduki moja na kutiwa katika nyingine lazima ipimwe nafasi yake na fundi kabla ya risasi ya kwanza. Kadiri silaha inavyobadilishwa mara nyingi na mikono mingi, ndivyo inavyokuwa vigumu kujua ni nini kilicho ndani yake.

Sasa, nani achague nini? Aliye na bunduki nzima ya kijeshi, hata ikiwa imechubuka, namshauri aiache. Kama macho yake yamechoka na anataka darubini, vipo vishikizo vya kuifungia vinavyotumia matundu ya parafujo yaliyokuwapo tangu kiwandani, hasa kwa Lee-Enfield ya Nambari 4, toleo la baadaye, na vinaondoka bila kuacha alama. Kama kitako ni kifupi kwake, avae kifuniko cha ngozi. Aliye na bunduki iliyokwisha kukatwa na mtu asiyejulikana, mbao nusu, mwili umetobolewa, huyo yuko huru: aitengeneze apendavyo, kwa kibali, aipe mti wa msaji au wa mvule na mkao mzuri wa mtutu, maana hakuna historia atakayoiharibu ambayo haijaharibiwa tayari. Na aliye na bunduki iliyobadilishwa zamani na kampuni yenye jina, yenye mihuri yake, asiingie tamaa ya kuivika tena magwanda ya askari. Hiyo nayo ina asili yake, na kuifanya ya kijeshi leo ni kuighushi.

Yule kijana nilimpigia siku ya tatu. Nilimweleza kwamba upande wa ndani wa mti ule, mahali pasipoonekana mpaka mtutu utoke, kuna nambari iliyopigwa mhuri, na nikamtaka amwulize mfanyabiashara kama inalingana na ile iliyo katika cheti chake. Aliniambia nisubiri kwenye simu. Baada ya muda alirudi akanisomea nambari tarakimu kwa tarakimu, nami nikiwa nimeuinua ule mti kwenye mwanga wa dirisha nazifuata kwa kidole, hadi ya mwisho. Ufa nimeuziba. Kofia ya mdomoni na skrubu zake nimezitia katika mfuko mdogo wa kitambaa ulioandikwa nambari ile ile, na mti umerudi ndani ya gazeti lake ukisubiri kuchukuliwa.